Kiwiko

Masereka ameniletea mwaliko wa karatasi ya daftari,
umekunjwa mara nne kama barua ya posa:
Sabato hii, saa nne asubuhi,
mto Nyamwamba, chini ya daraja la wachimba shaba.
Anazamishwa. Anataka niwepo.

Nikammiminia chai. Sikusema neno
mpaka sukari ikayeyuka.
"Wewe ulishabatizwa," nikamwambia.
"Nilikubatiza mimi."

Usiku ule Kilembe yote haikuwa na umeme.
Taa ya chemli juu ya kabati la dawa,
Kabugho, mama yake, amezimia,
na yeye, kilo moja na robo, rangi ya majivu,
anavuta pumzi kama avutaye kamba iliyonasa.
Kasisi yuko ng'ambo, mto umejaa.
Pakiwa na hatari, kanisa husema, mkono wowote unatosha.
Nikachukua kifuniko cha chupa ya chai,
maji ya moto kidogo, ya baridi kidogo,
nikachovya kiwiko kuyapima,
kisha nikamimina mara tatu
juu ya utosi uliokuwa ukidunda.
Jina sikulitafuta. Kwetu Wakonzo
mwana wa tatu wa kiume ni Masereka,
wala haulizwi kama analitaka.

"Sista Biira," akasema, "uhai wangu nakushukuru.
Lakini yale maji yalikuwa imani yako.
Mimi hata kulia sikujua.
Nataka ubatizo ninaoukumbuka."

"Kuzaliwa hukukumbuki, na umezaliwa."

Akatabasamu. Ana meno ya mama yake.
Akanitajia yule towashi garini, aliyeamini kwanza;
nikamtajia mlinzi wa gereza na nyumba yake nzima,
nikamuuliza kama humo hamkuwa na wa kunyonya.
"Maji ukiyavulia nguo, Sista, sharti uyaoge."
"Na yakimwagika, mwanangu, hayazoleki."
Tukacheka sote, kicheko kikaisha upesi.

Kuna ambalo sikumwambia.
Katika daftari la wodi niliandika saba kwa wino mwekundu.
Yeye ni mmoja wa hao saba.
Sita wako nyuma ya chumba cha kufulia,
mikaratusi imekwisha kuwazidi urefu.
Hao hawakupewa muda wa kuamini,
hawatakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Kama maji yake yalikuwa maji tu,
yao yalikuwa nini?

Na daftari lenyewe mto ulilibeba mwaka wa mafuriko,
na vitanda, na mizani ya watoto.
Basi majina yao yamezamishwa,
mzima mzima, kama apendavyo mchungaji wake.

Wala sidai kuwa najua.
Usiku mwingine hujiuliza nilimimina kwa ajili ya nani:
Mungu, au Kabugho akizinduka aniulize,
au mikono yangu tu, iliyokuwa imeishiwa na kazi.

Sabato nikaenda.
Watu kumi na mmoja kwenye mstari, kanzu nyeupe,
kwaya imesimama juu ya mawe ikisitasita isiteleze.
Masereka akanikabidhi viatu, simu na miwani.
Bila miwani uso wake ni ule ule,
wa mtu anayetazama mbali asikokuona.

Mchungaji alipomwita,
nilichuchumaa ukingoni,
nikakunja mkono wa gauni,
nikachovya kiwiko.

Mchungaji akanikazia macho.
Mwanamke mmoja wa kwaya akasahau kuitikia.
Masereka akainama karibu yangu.
"Yakoje, Sista?"

Yametoka juu huko kwenye theluji, hayajasimama popote.
"Baridi," nikamwambia.
"Ingia polepole."